Mtoto analia sana kwenye mazoezi, nimpumzishe?

Mama Nasra:
Habari zenu wapendwa. Binti yangu ana mwaka na miezi minane. Alizaliwa akachelewa kulia, baadaye tukaambiwa ni mtindio wa ubongo. Shingo sasa ipo vizuri, ila kukaa bado, na miguu inapishana kama mkasi. Kila Alhamisi tunatoka Mbagala kwenda mazoezi, daladala mbili, na akishikwa tu analia mpaka anatapika. Mama mkwe anasema namtesa, nisubiri akue kidogo. Mliopitia hili mnasemaje?

Baba Imani:
Pole sana Mama Nasra, ila usisubiri. Jeraha la ubongo lililoleta mtindio haliongezeki, lakini mtoto anarefuka na msuli uliokaza haurefuki naye. Ukimwacha, vifundo na nyonga vinaganda vikiwa vimepinda. Sisi na Imani wetu tulianzia hospitali ya CCBRT pale Msasani, na nilichokielewa ni kwamba ile nusu saa ya kliniki ni ya kumfundisha mzazi. Mazoezi yenyewe yako nyumbani. Mwombe fisio, yaani mtaalamu wa mazoezi ya viungo, akuachie mtoto ufanye wewe, yeye akusahihishe mikono. Mke wangu alifundishwa kumbeba Imani ubavuni, mguu mmoja mbele mwingine nyuma ya kiuno, hivyo hata kwenda dukani miguu inapanuka. Kumvalisha, anza na mkono uliokaza. Kumlisha, mketishe wima, kidevu kishuke kidogo. Akilishwa amelala chali anapaliwa, chakula kinaingia kifuani. Na mama mkwe nenda naye siku moja, naye afundishwe.

Fisio wa Tanga:
Naongezea, dada. Usimlishe karibu na muda wa mazoezi, huenda ndiyo maana anatapika. Halafu sikiliza kilio chenyewe: kama mguu mmoja ukipanuliwa analia zaidi, hata wakati wa nepi, omba daktari aangalie nyonga, ikibidi apigwe picha. Kwa watoto hawa huwa inatoka taratibu bila kuanguka wala kugongwa. Misuli inanyooshwa polepole, haivutwi kwa nguvu.

Mama Nasra:
Mungu awabariki. Wa kushoto anaulilia hata kwenye nepi! Alhamisi naanza na hilo. Baba Imani, mtoto alikuwa anakalia nini kabla hajaweza kukaa?

Baba Imani:
Kiti cha kona, yaani egemeo lake limekaa kama kona ya ukuta, tulichongesha kwa seremala wa mtaani. Kina kibao katikati ya mapaja miguu isipishane, na kimeza mbele cha kuchezea. Vipimo alitoa fisio, na Nasra naye apimwe mwenyewe, usitumie vya Imani.