Nimerithi Beetle ya 1970 imeliwa na kutu, nianzie wapi?

Kobe_Mzee

Wakuu, heshima kwenu.

Niende moja kwa moja. Mjomba ameniachia Volkswagen Beetle ya mwaka 1970. Imekaa nje miaka kumi na minne bila kuwashwa. Tairi zimelala, ndani inanuka panya, na usukani umeshika ukungu. Lakini nikiitazama kutoka mbele, na zile taa zake kama macho, moyo unakataa kuiuza chuma chakavu.

Mimi si fundi. Kazi yangu ni ya mezani, nimezoea kibodi kuliko spana. Natafuta kitu cha kufanya jioni na wikendi, nyumbani, kwa mikono yangu.

Kutu niliyoiona kwa macho: madigadi ya mbele yana malengelenge chini ya rangi, milango imeliwa kwa chini, na chini ya kiti cha nyuma upande wa kulia, pale inapokaa betri, bati limekuwa kama karatasi iliyoloana. Upande wa dereva nikikanyaga, sakafu inalia.

Mpango wangu: wikendi hii nikwangue rangi yote mpaka bati tupu, nipige praima (rangi ya msingi), halafu nihamie kwenye injini. Nina grainda, seti ya spana na jeki moja.

Naomba ushauri. Nianze na bodi au injini? Zile dawa za kugeuza kutu zinafanya kazi kweli au ni rangi tu imewekwa kwenye chupa nyingine? Na kuchomelea, mtu anaweza kujifunza mwenyewe au nisijidanganye? Mke wangu yeye ana swali moja tu, kwamba gari litaondoka hapo lini. Hilo msilijibu.

Nati_Kumi

Nimeshavuta kiti, nakaa hapa hapa mbele. Wajuzi njooni.

MzeeWaGrainda

Mkuu, hongera na pole kwa mkupuo mmoja. Hiyo grainda iweke chini kwanza.

Ukikwangua gari zima likabaki bati tupu, kutu mpya itaanza kabla hujarudi wikendi inayofuata. Unyevu wa hewa tu unatosha. Na praima ya kawaida, ile ya kijivu, isikudanganye: ina vitundu, inapitisha unyevu. Nimeona magari yaliyopakwa praima yakaachwa nje miezi sita kwa kuwa mwenyewe "anajipanga na rangi". Ukiibandua unakuta kutu imetandaza mkeka chini yake. Inayoziba kweli ni praima ya epoksi. Kwa hiyo kwangua kile tu utakachokimaliza siku hiyo.

Kazi yako ya kwanza ni kuchunguza. Toa viti, toa kapeti, toa betri. Chukua bisibisi bapa iliyochoka na kasumaku kadogo ukafunge kitambaa kasichune rangi. Anza kugonga kwa mpini wa bisibisi, kiganja kwa kiganja. Bati zima linalia kwa sauti kali. Bati lililooza au lililojazwa filla (ile lipu ya kuzibia mabonde) linaitika kizito, kama unagonga boksi la karatasi. Panapoitika vibaya, geuza bisibisi, chokoa kwa ncha. Usiogope kutoboa. Bati zima bisibisi haipiti, na pakipita ujue tundu lilikuwepo, wewe umelifunua tu.

Kwenye Beetle, kabla ya madigadi (hayo yanafungwa kwa bolti, yasikunyime usingizi), nenda kwenye ile mihimili miwili inayopita chini ya milango. Ndani yake ina mrija wa kupeleka hewa ya moto kutoka kwenye injini kwenda mbele, lakini kazi yake kubwa ni kuishika bodi isijikunje. Fungua mlango nusu, uunyanyue kwa mkono kwenye ncha. Ukicheza, ni pini za bawaba zimekwisha. Usipocheza lakini bado unakwaruza kwa chini ukifunga, hapo hofia mhimili.

Leta majibu ndipo tuongee.

Turbo_Dogo

Mnamtisha bure jamaa. Mimi sakafu ya langu ilitoboka, nikalaza faiba na resini, nikapiga lami juu. Mwaka wa tatu huu, tone la maji haliingii.

Dada_Spana

Dogo, maji hayaingii, sawa. Lakini ukikaa humo ndani, kiti chako kimeshikwa na nini?

Sakafu ya Beetle ndiyo nusu ya chesi yake, yaani fremu inayobeba gari. Reli za viti zimeungwa humo. Faiba inashika vizuri kwenye kitu kizima, haishiki kwenye kutu, na kutu yenyewe inaendelea kula huko chini kimyakimya, safari hii huioni. Ukigongwa, kiti kinaondoka na wewe. Faiba ni nzuri sana kwa mashua.

Kobe_Mzee, kuhusu dawa ya kugeuza kutu. Nyingi zina asidi ya fosforasi au tanini. Ya fosforasi inaigeuza kutu kuwa fosfeti ya chuma, tabaka gumu la kijivu kuelekea weusi. Ya tanini inaacha weusi wenye ubluu. Zinafanya kazi kweli, ila kwa kutu nyembamba iliyoshikamana na bati. Penye magamba inageuka ya juu, ya chini inabaki nyekundu na njaa yake ile ile. Kwa hiyo brashi ya waya kwanza, mpaka magamba yaishe, ndipo upake. Na soma maelezo ya chupa: baadhi hazielewani na epoksi, praima inabanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua jua.

Vitu vidogo kama bawaba, mabano na vishikizo vya bampa, mimi napenda kuvilaza kwenye umeme. Ndoo ya plastiki, maji, vijiko vichache vya soda ya kufulia (sodiamu kaboneti, usije ukaweka kostiki), na chaja ya betri ya volti 12. Hasi inakwenda kwenye kifaa chenye kutu, chanya kwenye kipande cha chuma chakavu ambacho huna haja nacho. Ukichanganya, kifaa chako ndicho kitakacholiwa. Chuma hicho chakavu kisiwe cha pua, yaani stenlesi, kwa sababu maji yatabeba kromiamu yenye sumu. Na fanya nje, maana inatoa haidrojeni. Ukiiacha usiku kucha, asubuhi unafuta tope jeusi kwa brashi, na wakati mwingine hata namba zilizogongwa kiwandani zinasomeka.

Kobe_Mzee

Nimerudi, kichwa chini.

Nilianza kushoto kwa kujiamini. Sakafu ya kushoto nzima, kasoro vitundu viwili vinavyopitisha ncha ya kalamu. Nikasema hawa wazee wananitisha. Kuhamia kulia, chini ya mlango, sumaku ikadondoka. Nikairudisha, ikadondoka tena. Nikachokoa kidogo, likabanduka bonge la filla ukubwa wa kiganja, unene wa kidole gumba. Nyuma yake gazeti. Wakuu, gazeti! Mtu alilikunja akalijaza kwenye shimo, akapaka filla, akapiga msasa, akapaka rangi, na lazima alilipwa. Bado linasomeka. Ni ukurasa wa matangazo ya magari yanayouzwa.

Pale kwenye betri mkono umepita mpaka nje, nimegusa majani. Na mlango wa kulia nikiunyanyua hauchezi hata kidogo, ila ukifunga unakwaruza chini.

Kwa hiyo ni mhimili, eti?

MzeeWaGrainda

Ni mhimili. Na hilo gazeti litunze, mimi kwenye langu nilikuta soksi.

Pale kwenye betri maji yalisaidia tu, mharibifu mkuu ni asidi. Kabla ya kugusa kitu, mwaga maji yenye magadi ya kuokea, yaache yatoe povu mpaka povu liishe, suuza, kausha. Bila hivyo utachomelea bati jipya juu ya asidi ya zamani.

Sasa sikiliza kwa makini. Watu watakwambia ufungue bolti, unyanyue bodi itoke kwenye sakafu, ndiyo raha ya Beetle. Ni kweli bodi inatoka. Lakini ukiinyanyua ikiwa na mhimili uliooza, inajikunja kama boksi lililokatwa upande. Ukirudisha chini, milango haifungi tena, na hakuna nyundo ya kukutoa hapo.

Gari likae limenyooka, limebebwa kwenye stendi nne, kamwe si kwenye jeki. Chomelea vyuma vya kushikilia ndani ya kila uwazi wa mlango, kutoka nguzo ya bawaba mpaka nguzo ya kufuli, kimoja juu kimoja chini. Kisha upande mmoja tu: kata, weka mpya, maliza. Ndipo uhamie wa pili. Tamaa ya kukata pande zote mbili siku moja ndiyo imezalisha magari yaliyopinda kuliko ajali.

Ukiwa huko nyuma na grainda, angalia: namba ya chesi imegongwa kwenye lile handaki la katikati, chini ya kiti cha nyuma. Ukiisaga kwa bahati mbaya, utabaki na gari zuri lisilo na utambulisho.

Bahati yako ni moja. Beetle zilitengenezwa zaidi ya milioni 21, na ya mwisho ilitoka kiwandani Meksiko mwaka 2003. Sakafu nusu nusu na mihimili mipya bado inatengenezwa. Wenye magari adimu wanakunja bati wenyewe.

Fundi_wa_Jioni

Naingia kwenye kuchomelea, maana na mimi ni mtu wa ofisini nilianza kama wewe.

Unajifunza, ndiyo, lakini usijifunzie kwenye gari. Ile mashine ya fimbo inayochomelea mageti sahau, bati la gari ni kama milimita 0.8 hadi 1, itakutobolea matundu uanze kulia. Tafuta ya MIG, ile inayojilisha waya yenyewe, yenye gesi, waya wa milimita 0.6. Kisha tafuta mabaki ya bati lenye unene huo huo, ukae nayo mwezi mzima mezani. Unganisha, pinda kwa jiriwa, pakikatika kwenye kiungo anza upya.

Kosa langu kubwa lilikuwa kuburuta mstari. Unaona moto unatiririka vizuri, unajisikia fundi, unanyanyua barakoa bati limevimba kama mto. Kwenye bati jembamba unapiga doa moja, unarukia mwisho wa pili, doa, unarudi katikati, doa. Halafu unangoja. Ukiweza kuweka kidole bila kukitoa, endelea. Na unakata mpaka ufike kwenye bati linalong'aa. Ukichomelea kwenye bati lililochakaa, moto unalila na tundu linakua mbele ya macho yako.

Moto sasa. Betri itoke. Tangi la Beetle liko mbele, chini ya boneti, na lenyewe litoke, lipelekwe mbali, maana tangi lililoisha petroli limejaa mvuke, na mvuke ndio unaolipuka. Mimi niliyatoa hayo yote, nikajiona mjanja. Nikamaliza saa kumi na moja jioni, nikaenda kuoga. Kumbe upande wa pili wa bati kulikuwa na ile lami ya kuzuia kelele, inafuka taratibu. Mwanangu ndiye aliyekuja kuuliza mbona gari linavuta sigara. Tangu siku hiyo nakwangua lami pande zote, mtungi wa kuzima moto uko karibu na mguu, na nikizima mashine nakaa pale saa nzima bila kazi.

Kingine, usisafishe bati kwa dawa ya kusafishia breki yenye klorini kisha ukachomelea. Ikikutana na moto ule inatoa fosijeni, gesi ya vita. Tumia asetoni, na iache ikauke kabisa.

Turbo_Dogo

Aisee. Nimekwenda kukitikisa kiti changu. Sisemi kitu.

Dada_Spana

😂 Karibu upande huu, Dogo.

Kobe, injini iache ilale, bodi ndiyo itakayoamua kama una gari au huna. Ila usije ukaweka betri siku moja "tusikie tu kama inaitika". Toa plagi nne, dondosha oili kidogo kila silinda, iache siku kadhaa, kisha izungushe kwa mkono, spana kwenye nati ya puli. Ikigoma usilazimishe, ongeza oili na subira. Oili ya zamani imwagwe yote, inachukua lita mbili na nusu tu, na usafishe kile kichujio cha wavu kwa chini. Halafu mipira yote ya petroli ibadilishwe hata kama inaonekana mizima. Inapita juu ya injini yenye moto, na Beetle nyingi zimeteketea kwa mpira mmoja uliopasuka.

Breki zenyewe zinataka uzi wake.

Kobe_Mzee

Nimeelewa kuliko nilivyotaka kuelewa. Nimeahirisha rangi. Vyuma vya kushikilia milango nimeshavipima, jirani ana mashine ya MIG na amekubali kunisimamia. Jumamosi tunaanza kukata upande wa kulia.

MzeeWaGrainda

Kabla hujakata: ule mwanya kati ya mlango na bodi, umeupima? Juu, katikati, chini, milango yote miwili, na umeandika?

Kobe_Mzee

Bado, mzee. Natoka na futi sasa hivi.