Nihame Kilimani niende Kayole juu ya amani?

Mama Wawili: Wadau naomba ushauri. Tunaishi Kilimani hapa Nairobi, nyumba poa, lifti iko, maji haipotei, lakini mzee akiingia tu watoto wanakimbilia chumbani, kila jioni ni matusi hadi chakula hakishuki. Nauza nguo Gikomba, bedsita ya Kayole, chumba kimoja tu, naweza lipa. Niache hii starehe yote kweli?

Mkaazi wa Umoja: Dada, watoto wakimhepa babao hivyo ushapata jibu. Mimi nimelelewa nyumba ya mabati Mukuru, sukuma wiki kila siku na tulikuwa tunacheka usiku kucha. Hama.

Shangazi K: Pole sana mamii. Lakini usitoke ukidhani umepoteza kila kitu, Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inahesabu hata kazi ya nyumba na kulea watoto kama mchango wako, na ile ya 2015 ya dhuluma za nyumbani haingoji upigwe, mateso ya kiakili pia yamo. Piga 1195, simu ya msaada ya dhuluma za kijinsia, ni bure, uliza kwanza.

Mama Wawili: Asanteni, nitapiga kesho. Nikipata nyumba karibu na shule nalipa diposti.