Tupeane uzoefu: albamu ya kwanza ya Ol' Dirty Bastard ilikukuta wapi Nyanda za Juu Kusini?

Mwana wa Sokomatola
Wakuu, poleni na baridi. Leo nataka tukumbushane albamu moja tu ya Ol' Dirty Bastard, yule rapa wa Marekani wa kundi la Wu-Tang Clan: Return to the 36 Chambers: The Dirty Version. Marekani ilitoka Machi 1995. Mimi Mbeya ilinifikia 1998, imeviringishwa ndani ya soksi kwenye begi la kaka yangu, aliyekuwa utingo wa malori ya Tunduma kwenda Lusaka. Kanda ya kurekodiwa, kava la fotokopi.

Mama alipoliona lile kava alinituma nilipeleke polisi, maana alijua ni kitambulisho cha mtu kimeokotwa. Na kweli ni kitambulisho: kadi ya msaada wa chakula wa serikali, na picha ya mwenyewe nywele zimesimama. Albamu ilifika namba 7 kwenye chati ya Billboard, na kavani jamaa kaweka karatasi ambayo mwingine angeificha chini ya godoro. Mimi wakati huo nilikuwa nakaa dawati la nyuma darasani ili kiraka cha kaptula kisionekane. Nililiangalia lile kava usiku kucha.

Halafu sauti yenyewe. Kinanda cha wimbo wa Shimmy Shimmy Ya ni noti chache tu zinajirudia, na juu yake mtu anaimba, anapiga kelele, anakata neno katikati. Ubeti wa pili ni ule ule wa kwanza, kaurudia. RZA, binamu yake, ndiye aliyetengeneza sehemu kubwa ya albamu, na aliacha mambo yawe hivyo hivyo.

Getoni kwetu kipimo kilikuwa rapa Mr II, huyu Sugu aliyekuja kuwa mbunge wetu wa Mbeya Mjini 2010. Tulimpenda kwa sababu kila neno lake unalisikia, hata bibi anaelewa. Sote tukataka kuchana mistari vile. Mimi nina kigugumizi. Miaka miwili nilikuwa nawaandikia wenzangu mistari, mwenyewe sichani. Baada ya ile kanda nilishika maiki kwa mara ya kwanza, na pale ulimi ulipogoma niliuacha ugome juu ya mdundo.

Wewe ilikukuta wapi?

Fundi Makambako
Mkuu, mimi ndiye niliyekuwa nawarekodia watu hizo kanda pale stendi. Redio ya deki mbili. Ukirekodi kwa kasi unaokoa muda lakini sauti inapungua, kwa hiyo muziki niliouheshimu niliurekodi kwa mwendo wa kawaida, nimekaa nao mwanzo hadi mwisho.

Hii ilinitesa. Wateja wanarudisha: fundi, kanda mbovu, sauti inakwaruza. Nikasafisha hedi kwa spiriti na pamba. Nikarekodi upya. Wakarudisha tena. Mara ya tatu nikabadilisha mpaka mkanda wa mota, nikaweka kanda ya kwaya kupima, kwaya ikatoka safi kama maji ya Njombe. Ndipo nikakubali kwamba hivi ndivyo walivyoirekodi, kusudi. Tangu siku hiyo nilibandika karatasi dirishani: HII IKO HIVYO, HAIJAHARIBIKA. Nimefanya kazi ya redio miaka mingi, na hiyo ndiyo kanda pekee niliyowahi kuitetea kwa maandishi.

Binti wa Kihesa
Kamwene wadau. Mimi sikutakiwa kabisa kuisikia, matusi ni mengi, na kaka yangu alikuwa anaruka nyimbo nikiingia chumbani. Akasahau kuruka wimbo wa Drunk Game. Mle anaimba mapenzi kama waimbaji wa R&B, ila noti hazifikii, na anaendelea kwa moyo wote.

Kanisani mwalimu wa kwaya alikuwa ameniweka mstari wa mwisho, anasema sauti yangu ina michanga. Nilijifunza kufungua mdomo bila kutoa sauti. Fikirieni, mtoto wa miaka 13 anaimba Jumapili nzima bila sauti. Wiki ile niliimba. Mwalimu aligeuka akaniangalia, sikunyamaza. Leo misibani wananiita mimi kuanzisha.

Dereva bajaji Uyole
Nimezaliwa 2001, nimeisikia kwenye simu nikisubiri abiria. Brooklyn Zoo nimeielewa, imenipanda kichwani kabisa. Zilizobaki bado. Ngoja nirudie wakuu.

Mama Mbalizi
Nawasoma na nawaheshimu, ila na mimi niseme langu. Nilikuwa na mdogo wangu. Alikuwa na kipaji, na akili yake ilikuwa inayumba. Vijana wa mtaani walikuwa wanamnunulia pombe ili aanze vituko vyake, wanacheka, wanampigia makofi, kisha kila mtu anakwenda kwao. Sisi ndio tuliokuwa tunambeba.

Huyo mnayemsifu alianguka studio, New York, tarehe 13 Novemba 2004, dawa za kulevya mwilini, siku mbili kabla hajatimiza miaka 36. Mimi nikisikia sauti yake simsikii msanii aliyejiachia. Namsikia mdogo wangu. Najiuliza watu waliokuwa chumbani, baada ya kurekodi, nani alimsindikiza nyumbani.

Mwana wa Sokomatola
Dada, ndaga. Nimekaa na maneno yako tangu jana.

Kundi letu lilikuwa na mtu wa hivyo. Simtaji. Mwaka 2000 tulimrekodi geto, amelewa, umeme umekatika, redio inakwenda kwa betri tulizokuwa tumezianika juani mchana. Tulitaka kucheka. Katikati akaacha mistari akaanza kumwita marehemu baba yake, dakika nzima, kwa Kinyakyusa. Hakuna aliyezima redio. Asubuhi hatukumwuliza kitu, na hatukuacha kumpa pombe. Alifariki mwaka uliofuata.

Kanda ninayo. Mama yake yupo Ilomba, na nimesikia hana hata picha ya mwanawe ya ukubwani. Nataka Jumamosi nimpelekee asikie, kama atataka, na nimwambie jinsi ilivyorekodiwa. Nimeazima redio kwa jirani.

Fundi Makambako
Mkuu, usiiweke kwenye hiyo redio. Kanda ya miaka hiyo utepe umeshikana, ukibonyeza tu inamezwa na hutaipata tena. Usiizungushe hata kwa kalamu. Ifunge kwenye kitambaa kikavu, weka kwenye kopo lenye mfuniko, mpe kondakta wa basi la asubuhi, nitaipokea stendi mwenyewe. Nitaihamishia kwenye flashi na kanda nitakurudishia ikiwa nzima. Mwambie mama asubiri Jumamosi ijayo.