MLIOMSIFIA HUYU "MTAALAMU WA MAGITAA" NJOONI HAPA. KANIBANDIKIA PLASTA KWENYE GITAA!

Nyuzi_Za_Hasira (mleta uzi)

Wakuu, naandika mikono ikitetemeka, mkiona herufi zimerukana mnivumilie. Nimeshuka kwenye bodaboda sasa hivi, vumbi bado liko kwenye kope.

Simtaji jina. Mnamjua. Yule wa kofia ya pama, mwenye feni inayomtazama yeye peke yake hata mkiwa wageni saba mnavuja jasho. Yule ambaye mtu akiuliza humu "nani ananikagulia gitaa" mnaitikia jina lake kama mko jumuiya. Nyie ndio mlionipeleka, leo mtanisikiliza.

Gitaa ni la umeme, LTD KH-602, lile la saini ya Kirk Hammett, mpiga gitaa wa Metallica, bendi ya muziki mzito wa metali. Jeusi tii. Shingo haikufungwa kwa skrubu, imepita katikati ya mwili hadi mkiani. Freti 24 (vile vyuma vinavyokatiza shingo), pikapu mbili za EMG (vinasa sauti vya chini ya nyuzi), daraja la Floyd Rose linaloelea, pale nyuzi zinapoishia mwilini. Na kwenye ubao wa vidole, pale ambapo magitaa yenu yana vidoti, langu lina mafuvu ya vichwa na mifupa iliyopishana. Binamu yangu alilinunua kwa mtu huko Ujerumani, mimi nikamrudishia kidogo kidogo kwa miezi 11. Krismasi nimekula maharage. Pasaka maharage. Siku yangu ya kuzaliwa nikaongeza chumvi.

Nilichotaka ni kidogo tu: anipimie shingo kama imenyooka, aniambie bei ya haki, nijue naliuza au nazikwa nalo. Elfu ishirini ya ukaguzi kaipokea kabla sijakaa.

Nikafungua begi. Akalitazama. Kimya. Akamgeukia kijana wake: "Niletee plasta."

Nikadhani kajikata. Nikaanza hata kumpa pole.

Hakujikata wakuu.

Ni ile plasta nyeupe ya kufungia vidonda, ya rola, ile ukiibandua inaondoka na malaika zote na ulimbo unabaki. Akaivuta, akaikata kwa MENO, akaziba fuvu la kwanza. Akasugua kwa kidole gumba ishike vizuri. Akakata kwa meno tena, fuvu la pili. Huku anapiga mluzi wa pambio. "Dogo, Jumapili mjukuu wangu ana kipaimara. Haya mimi siyagusi yakiwa yananitazama." Alipofika freti ya 12 akaona kipande kimoja hakitoshi, akaweka viwili, KIMSALABA. Mimi nimesimama kama mtu anayetazama gari lake likikokotwa.

Kilichofuata kukiita ukaguzi ni kumstahi. Akachomeka waya kwenye spika ya kinanda. Kimya. "Bovu." Nikamwambia mzee, pikapu hizi zinatumia betri ya volti 9, itakuwa imeisha. "Gitaa lina betri? Kwani tochi?" Betri tukanunua duka la jirani, hela yangu. Likaongea. Akapiga sebene. Gitaa la Kirk Hammett, limefungwa plasta kama majeruhi wa daladala, kwenye spika ya kinanda, SEBENE. Akakunja uso: "Limeshuka hili." Nimeishusha sauti ya nyuzi mwenyewe mzee, liko D. Akaanza kukaza vifungo vya kichwani ili alipandishe. Nikamwambia kwanza alegeze zile kufuli tatu za juu ya shingo kwa kifunguo chake cha umbo la L, maana zikiwa zimebana utakaza mpaka kesho na uzi hausikii. "Nimeanza kufunga nyuzi baba yako hajaota ndevu." Akakaza, akakaza, sauti ile ile. Ndipo akalegeza kufuli zote kwa mpigo. Nyuzi zikavutika ghafla, PAA! Ule mwembamba ukanichapa shavuni.

"Unaona? Shingo imepinda."

Alama 3 kati ya 10. Halifai kwaya, halifai sebene, labda kufukuzia nyani shambani. Halafu kwa huruma yake ananipa laki mbili nimwachie.

Uzi unanunuliwa, sawa. Sebene nimesamehe. Ila plasta? Kwa meno? Nimefika nyumbani nimejaribu kubandua ule msalaba wa freti ya 12. Cha juu kimetoka, cha chini kimebaki na ulimbo kama mate ya ubuyu. Fuvu lina jicho moja sasa. Linaniangalia mimi.

mtu_wa_pwani_7

Picha ya plasta iko wapi? Bila picha hii ni Abunuwasi.

Kapuku Mwenye Nyumba

Uzi umekukatikia kwa fundi, ukaja kuanzisha mwingine huku. Safi sana.

Shemeji wa Taifa

Miezi 11 ya maharage ukaenda kununua fuvu. Mkuu, tumbo lilikuwa linakuonya kila usiku, hukusikia?

Bi_Alto

Samahani, kwa hiyo huyo Kirk alikusainia mwenyewe? Kama saini ni ya wino usisugue, itatoka na plasta.

Nyuzi_Za_Hasira

Dada, saini si wino. Maana yake limeundwa kwa matakwa ya mwenyewe: urefu wa uzi kutoka nati (pale juu ya shingo penye zile kufuli) hadi daraja sentimita 64.8, shingo nyembamba, pikapu alizochagua yeye, na hayo mafuvu ni ya kwake. Ukinunua unanunua mkono wa mtu. Ndiyo maana plasta inaniuma. Hajabandika ubao, kabandika MTU.

Shemeji wa Taifa

"Kabandika mtu." Huyu tumeshampoteza.

Bezi_Tano

Tuache utani kidogo. Pikapu za namna hiyo zina kikuza sauti kidogo ndani, ndicho kinachokula betri. Zimetengenezwa ili ukizidisha mkwaruzo kwenye amplifaya noti ibaki imeshikana, isigeuke uji. Kulipima gitaa hilo kwa sebene kwenye spika ya kinanda ni kupima panga kwa kunyolea ndevu. Hukuona ubaya wa gitaa, umeona ubaya wa kidevu.

Kuhusu shingo: hawezi kujua imepinda kwa sababu uzi umekatika. Floyd Rose ni mizani, nyuzi sita zinavuta mbele, springi zinavuta nyuma. Ukitoa uzi mmoja springi zinashinda, daraja linalala nyuma, nyuzi zilizobaki zote zinapanda. Gitaa zima linaonekana limerukwa na akili, kumbe linadai uzi mmoja tu. Shingo unaitazama kwa kubana uzi freti ya kwanza na ya mwisho, unaangalia nafasi ya katikati. Dakika moja. Bure.

Na wewe mleta uzi, ukimaliza kupiga chomoa waya. Waya ukikaa ndani, betri inaliwa hata ukiwa umelala. Hiyo betri haikuisha njiani, uliiua mwenyewe.

Nyuzi_Za_Hasira

Betri nakubali. Plasta je? Mbona hujagusia plasta?

Bezi_Tano

Plasta kwenye metali ni asili, mkuu. Tony Iommi wa Black Sabbath alikatwa ncha za vidole viwili na mashine ya kiwandani Birmingham akiwa na miaka 17. Akayeyusha chupa ya sabuni akajitengenezea ncha za plastiki, juu yake akavika ngozi. Baadaye akashusha nyuzi ili zilegee, vidole visimuume. Huo muziki wako mzito ulianzia kwa majeruhi. Fundi kakurudisha kwenye chimbuko, tena kwa elfu ishirini tu.

Kapuku Mwenye Nyumba

Nimecheka mpaka mwenye nyumba kagonga ukuta.

Mzee_Dansi_Halifi

Vijana, kipindi chetu gitaa halikuwa na saini ya mtu wala mafuvu. Mbaraka Mwinshehe kafariki 1979 na hadi leo ukimpiga kwenye harusi watu wazima wanaacha pilau. Alikuwa na mafuvu gani? Saini yake ilikuwa vidoleni. Hilo linalonguruma mpelekeeni mwenye mashine ya kusaga.

Nyuzi_Za_Hasira

Shikamoo mzee. Nakubali Mbaraka. Ila Mbaraka hakubandikiwa plasta.

Mzee_Dansi_Halifi

Marahaba. Angebandikiwa angepiga hivyo hivyo.

Bi_Alto

Mimi wa kwangu ni fundi mitambo wa kanisani kwetu. Naye simtaji, wa ibada ya pili wanamjua. Mpiga gitaa akianza tu, yeye anashusha. Sisi alto tukianza, anashusha. Mwenye mahubiri akikohoa, ANAPANDISHA. Jumapili iliyopita tumeimba ubeti mzima wa tatu tukiwa hatusikiki, watu wanatuangalia midomo kama samaki. Nikamfuata, ananiambia "dada, mimi nalinda spika". Zinalindwa dhidi ya nani, dhidi ya alto?

mtu_wa_pwani_7

Bi Alto uzi wako ni mzuri kuliko huu. Endelea.

Kijana_wa_Eastlands

Poleni watu wa Dar. Huku Nairobi angalau ukisema metali watu hawafikirii mabati. Bendi ya metali ya Duma ni ya hapa, na albamu yao ya 2020 ilitolewa na lebo ya Kampala, Nyege Nyege Tapes. Lakini mafundi ni wale wale. Wangu nilimwachia gitaa mwezi wa tatu abadilishe freti. Mwezi wa saba naona video ya harusi ya watu nisiowajua kabisa, bendi inapiga, na gitaa ni LANGU, na kibandiko changu kiko pale pale. Nilipompigia akaniambia "nalijaribu kwanza".

Shemeji wa Taifa

Analijaribu. Harusini. Na chakula kala.

Kijana_wa_Eastlands

Na picha ya pamoja na maharusi amepiga, gitaa liko mbele kabisa.

Pikapu_Mbezi

Habari wakuu. Nimeona hapo juu pikapu mbili zinauzwa. Ni dizeli au petroli? Na namba zinaanzia herufi gani?

Kapuku Mwenye Nyumba

Za betri mkuu. Volti 9.

Pikapu_Mbezi

Volti 9 itakuwa imechoka hiyo, yangu ni 12 na asubuhi inasukumwa. Bodi likoje?

Bezi_Tano

Bodi jeusi tii, shingo imepita katikati hadi mkiani.

Pikapu_Mbezi

Chasisi nzima, safi. Plasta mnazozungumzia ni sehemu ya kutu?

Nyuzi_Za_Hasira

JAMANI. Ni gitaa. Pikapu za GITAA. Na hakuna hata mmoja aliyenijibu huu ulimbo unatokaje.

Bi_Alto

Mafuta ya nazi, kaka. Paka, acha kidogo, futa kwa kitambaa laini. Usikwangue kwa kisu.

mtu_wa_pwani_7

Mafuta ya nazi anapakwa mtoto mchanga. Weka mafuta ya taa kidogo kwenye pamba.

Mzee_Dansi_Halifi

Mafuta ya taa ataharibu ubao huyo. Kidogo sana, tena asivute sigara.

Sauti_ya_Nyuma

Mimi namtetea fundi. Gitaa langu alilifunga nyuzi 2019 na hadi leo hazijakatika. Na ukweli tuseme, mtu akikuambia kitu ni cha kufukuzia nyani halafu hapo hapo anatoa laki mbili, huyo kashakipenda. Ile plasta ilikuwa ya kushushia bei.

Nyuzi_Za_Hasira

Unataka kuniambia aliigiza? Na pambio?

Sauti_ya_Nyuma

Pambio ndio kabisa.

Kapuku Mwenye Nyumba

Nyuzi tangu 2019 hazijabadilishwa? Ndugu yangu hizo si nyuzi tena, ni waya wa fensi.

Sauti_ya_Nyuma

Kwani nyuzi zinabadilishwaga?

Bezi_Tano

Naondoka kwenye huu uzi.

Bi_Alto

Kabla hujaondoka, wewe wa bezi, kwanini watu wa bezi kila mazoezi mnafika saa mbili kasoro na waya hamna, mnaazima wa kinanda?

Pikapu_Mbezi

Mleta uzi, kama ile pikapu bado ipo niko tayari kuja kesho. Nitakuja na mtu wangu wa kukagua, mzoefu, wa kofia ya pama.

Shemeji wa Taifa

😂😂😂 Mficheni huyu kijana.

Kapuku Mwenye Nyumba

Aje na plasta zake, kioo cha mbele kina ufa.

Shambani_Mbeya

Wakuu nimepita tu. Nina maharage ya Mbeya, ya njano na soya, gunia na nusu gunia, Dar naleta mpaka mlangoni. Mleta uzi wewe tuongee pembeni, nakupunguzia.