Nitavaaje pete kadhaa kwa pamoja bila mkono kuonekana umelemewa?

Swali: Mwenye Pete Saba

Habari zenu, ndugu zangu. Naomba ushauri kuhusu jambo ambalo huenda likaonekana dogo, lakini limenitatiza kwa muda. Ninazo pete saba ambazo nazipenda zote, na kila ninapovaa zaidi ya mbili au tatu, mikono yangu hufanana na kabati la kioo la sonara, ambamo kila kitu kinang'aa na hakuna hata kimoja kinachoonekana vizuri.

Katika kidole cha pete cha mkono wa kushoto ninavaa pete ya uchumba, ambayo ni ya dhahabu ya njano yenye yakuti samawi iliyoinuka, pamoja na pete nyembamba ya ndoa. Hizi mbili sizihamishi. Nyingine ni pete pana ya fedha isiyo na kito niliyopewa na mama, pete ya fedha yenye feruzi, pete mbili nyembamba sana za dhahabu, na pete ya dhahabu yenye lulu. Mkono huo huo wa kushoto huvaa saa ya chuma cha pua kila siku. Vidole vyangu ni vifupi kidogo.

Je, kuna namna ya kuzipanga ili mikono yote miwili ionekane imetulia? Nimeambiwa pia kwamba dhahabu na fedha hazivaliwi pamoja, na kwamba idadi ya pete lazima iwe ya witiri. Kuna ukweli wowote katika hayo?

Jibu: Mpangaji

Dada, tatizo lako halitokani na wingi wa pete, bali na kwamba pete zako zote zinataka kutazamwa kwanza. Pete ina uzito ambao jicho huupima bila mzani: kito kilichoinuka ni kizito kuliko kilicholala, pete pana ni nzito kuliko nyembamba, rangi iliyokolea huvuta kuliko iliyofifia, na sehemu iliyong'arishwa huvuta kuliko iliyosuguliwa ikafifia. Ukizitazama pete zako kwa kipimo hicho utaona kwamba nne ni nzito, yaani yakuti samawi, feruzi, lulu na ile pana ya fedha, na tatu ni nyepesi. Ukivaa nzito nne kwa siku moja, hakuna mpangilio utakaokuokoa.

Kwa hiyo anza kwa kuchagua pete kuu ya siku. Kwa kuwa yakuti yako haihami, kwa kawaida pete kuu tayari unayo, na kazi inayobaki ni kuipatia, katika mkono wa kulia, mwenza mmoja mwenye uzito unaokaribiana nayo, halafu zinazofuata ziwe nyembamba. Usijaribu kuufanya mkono wa kulia ufanane na wa kushoto kidole kwa kidole. Mikono haikai bega kwa bega kama picha mbili ukutani. Mmoja hushika kikombe, mwingine hulala mezani, na mtu anayekutazama huiona ikibadilishana nafasi. Kinachotafutwa ni mkono mmoja usiwe umejaa huku mwingine ukionekana umesahauliwa.

Jambo la pili, ambalo wengi hulipuuza, ni kidole kitupu. Jicho linahitaji mahali pa kupumzika kati ya pete moja na nyingine, na kidole kisicho na pete hufanya kazi hiyo vizuri kuliko pete yoyote nyembamba. Ukiweka pete nzito katika vidole viwili vilivyo jirani, kila moja huipunguzia mwenzake nguvu, na mara nyingi hata vidole vyenyewe hukosa nafasi ya kukaa pamoja, vikabaki vimetanuka. Acha kidole kimoja kati ya pete mbili nzito, kisha utazame tofauti.

Kuhusu witiri na shufwa, mimi siihesabu kanuni hiyo. Ni kweli kwamba pete tatu zilizosambaa huonekana huru zaidi kuliko mbili zinazotazamana, lakini pete nne zilizopangwa vizuri hazimkosei mtu yeyote, na hakuna anayekutana nawe akaanza kuhesabu.

Jibu: Rangi Mbili

Nakubaliana na ndugu Mpangaji kuhusu uzito, ila nadhani ameliruka swali la dhahabu na fedha, ambalo ndilo gumu zaidi katika mkusanyiko wako.

Katazo la kuchanganya madini lina sababu moja ya maana, nayo ni kwamba rangi inayotokea mara moja tu huonekana kama bahati mbaya. Mtu akivaa dhahabu kila mahali na pete moja ya fedha, anayemtazama hudhani amesahau kuivua. Rangi hiyo ikitokea mara mbili, mahali pawili palipoachana, hudhihirika kwamba ni uamuzi. Ndiyo maana nashangaa kwamba unaitaja saa yako kana kwamba haihusiki. Chuma cha pua ni cheupe, na kinakaa sentimita chache tu kutoka kwenye dhahabu yako ya njano, kwa hiyo tayari unachanganya kila siku bila kulalamika. Ukivaa pete pana ya fedha katika mkono wa kulia, saa iliyo kushoto itaijibu. Na ukiongeza pete moja nyembamba ya dhahabu katika mkono huo wa kulia, nayo itazijibu pete za uchumba na ndoa. Kila rangi itakuwa imefika pande zote mbili.

Isitoshe, dhahabu yenyewe haina rangi moja. Dhahabu ya karati 18 ina asilimia 75 ya dhahabu, na robo inayobaki ndiyo inayoamua sura yake: shaba ikizidi hupatikana dhahabu yenye wekundu, na yakiwekwa madini meupe kama paladi au nikeli hupatikana dhahabu nyeupe, ambayo mara nyingi huchovywa rodi, madini mengine meupe, ili ing'ae zaidi. Mtu anayetaka kuunganisha njano na nyeupe kwa upole anaweza kuweka pete yenye wekundu kati yake, au pete moja iliyotengenezwa kwa rangi mbili. Wewe huhitaji kununua chochote, saa inakutosha.

Tahadhari yangu iko kwenye feruzi. Buluu ya feruzi na buluu ya yakuti samawi haziko mbali vya kutosha kupingana, wala haziko karibu vya kutosha kufanana, na zikivaliwa siku moja feruzi huonekana ya kitoto, nayo yakuti huonekana nyeusi. Hilo ni jicho langu, na wengine watalikataa. Hata hivyo ningeipa feruzi siku zake, siku ambazo pete pana ya fedha inabaki nyumbani.

Jibu: Fundi wa Benchi

Nimefanya kazi ya usonara kwa miaka mingi, na ningependa kuongeza upande ambao macho hayauoni mapema. Pete zinazovaliwa pamoja husuguana, na kinachosuguana huliwa.

Katika kipimo cha ugumu cha Mohs, almasi ina 10, yakuti ina 9, feruzi iko kati ya 5 na 6, na lulu iko kati ya 2.5 na 4.5. Maana yake ni kwamba yakuti yako inaweza kuikwaruza karibu kila pete uliyo nayo, nayo yenyewe isidhurike. Ukiweka feruzi katika kidole cha kati cha mkono wa kushoto, jirani na yakuti iliyoinuka, utaanza kuona mikwaruzo kwenye feruzi bila kujua imetoka wapi. Lulu ndiyo isiyovumilia kabisa. Mbali na mikwaruzo huharibiwa na manukato, jasho na dawa za nywele, kwa hiyo naungana na wenzangu wanaotaka pete nzito zipunguzwe, ila kwa sababu yangu: lulu ivaliwe peke yake katika mkono usiotumika sana, iwe ya mwisho kuvaliwa na ya kwanza kuvuliwa.

Pete mbili zinazokaa katika kidole kimoja, kama yako ya uchumba na ya ndoa, zichunguzwe kwa makini. Tazama muhuri wa ndani. 750 ni karati 18, 585 ni karati 14, na 375 ni karati 9. Dhahabu yenye karati chache kwa kawaida ni ngumu zaidi, kwa sababu ya madini mengine yaliyochanganywa nayo, kwa hiyo pete ya karati 9 inaweza kuila polepole ile ya karati 18 iliyo ubavuni mwake. Iwapo pete hizo mbili hazitenganishwi kamwe, sonara anaweza kuzilehemu pamoja, zikaacha kuzunguka kila moja kivyake na kusuguana. Sipendekezi hivyo kwa mtu anayependa kubadilisha, maana kuzitenganisha baadaye huacha alama.

Halafu kuna saizi, ambayo huwasumbua wengi wanaoanza kuvaa pete kadhaa. Pete pana hubana kuliko nyembamba yenye kipenyo kile kile, kwa kuwa hugusa nyama nyingi zaidi na huikusanya inapopita kwenye kifundo. Kwa sababu hiyo pete pana mara nyingi huhitaji kuongezwa nusu saizi. Pete tatu nyembamba zilizovaliwa katika kidole kimoja hufanya kazi ya pete moja pana, kwa hiyo kila moja inaweza kukutosha peke yake na zote tatu zikakubana. Vidole hunenepa kwenye joto na kupungua kwenye baridi, na mkono unaoutumia zaidi huwa mkubwa kidogo kuliko mwenzake. Usiipime pete asubuhi yenye baridi ukadhani kazi imekwisha.

Nafasi iliyopo kati ya pete mbili hushika sabuni na maji, na ngozi iliyo chini yake huwasha. Vua zote unapoosha vyombo, na mtu yeyote anayetumia mashine au kupanda ngazi na uzio avue bila kubishana, kwa kuwa pete ikinaswa inaweza kuichuna ngozi ya kidole chote.

Jibu: Vidole Vifupi Pia

Wote wamejibu vizuri, lakini hakuna aliyegusa vidole vifupi, na kwetu sisi hilo hubadilisha hesabu. Mstari unaokikata kidole kwa upana hukifupisha, na kadiri mstari unavyokuwa mnene ndivyo kinavyofupika. Kwa hiyo pete tatu zilizopandana katika kidole kimoja hazitufai hata zikiwa nyembamba, kwa sababu hufunika pingili nzima ya chini, na kinachobaki kuonekana ni nusu ya kidole. Acha ngozi ionekane kati ya pete na kifundo. Kito kilichorefuka kuelekea ukucha, cha umbo la yai au la jani, husaidia kuliko kito cha mviringo au cha mraba chenye ukubwa ule ule.

Zile pete mbili nyembamba za dhahabu usizifungie katika kidole kimoja. Zitenganishe, moja kila mkono.

Mwenye Pete Saba

Nawashukuru sana, ndugu zangu. Nimejaribu hivi: kushoto nimeziacha pete za uchumba na ndoa pamoja na saa, na nimeweka pete moja nyembamba katika kidole cha shahada, kulia nimeweka ile pana ya fedha katika kidole cha kati na nyembamba ya pili katika kidole cha mwisho. Mkono wa kushoto umependeza mno. Wa kulia bado una uzito usionipendeza, na pete pana inanizuia kukunja kidole. Je, niihamishie kidole cha shahada? Fundi, nimeangalia mihuri pia: pete ya uchumba ni 750 na ya ndoa ni 585.

Mpangaji

Ihamishe, mradi saizi ikubali. Kidole cha kati ndicho kirefu na kiko katikati, kwa hiyo pete pana ikikaa hapo hugeuka kuwa kitovu cha mkono mzima na kila kitu huanza kuizunguka. Kidole cha shahada kiko pembeni, kina nafasi kubwa upande wa gumba, na kimezoea kutazamwa. Ukishaihamisha, toa ile nyembamba katika kidole cha mwisho uilete katika kidole cha pete. Kidole cha kati kitabaki kitupu kati ya fedha na dhahabu, na hapo ndipo jicho lako litakapopumzika.

Fundi wa Benchi

Kabla ya kuihamisha, iache katika kidole cha shahada kwa siku nzima, kisha ujaribu kuivua jioni. Ikikataa kupita kwenye kifundo bila sabuni, mpelekee sonara aiongeze nusu saizi. Fedha isiyo na kito huongezwa kwa urahisi, na kwa kuwa pete hiyo ni pana, mwambie aongeze kipande cha fedha ile ile ya 925, yaani yenye asilimia 92.5 ya fedha, badala ya kuivuta, kwa sababu kuivuta huipunguzia unene.

Kuhusu pete za uchumba na ndoa, 750 ni laini kidogo kuliko 585, kwa hiyo itakayoliwa ni ile ya uchumba, kwenye ubavu unaogusana na ya ndoa. Kila unapompelekea sonara pete zako kusafishwa, mwombe aupime ubavu huo pamoja na vikucha vinavyoishika yakuti, hasa kilicho upande wa pete ya ndoa, kwa kuwa hicho ndicho hulegea kwanza.