Kujitolea kwa ajili ya watoto: kufika makaoni au kusaidia kwa mtandao?

Mkaazi wa Likoni
Wakubwa zangu, shikamooni. Mimi ni mhasibu hapa Mombasa, na muda nilio nao ni Jumamosi mbili kwa mwezi pamoja na jioni chache katikati ya wiki. Nafasi zilizojitokeza ni mbili: kufundisha hesabu na kusoma katika makao ya watoto yaliyo Kisauni, au kukaa nyumbani na kuliwekea vitabu vya hesabu za fedha shirika dogo linalowalipia watoto karo. Moyo unanivuta makaoni, lakini mke wangu anasema wa kufundisha watapatikana, wa kufunga hesabu bure hapatikani. Mliotangulia mnasemaje?

Mwalimu Mstaafu
Marahaba, mwanangu. Nilikwenda makaoni kwa miaka minne, na siku ya kwanza, kabla sijavua viatu, mtoto wa miaka sita aliniita kwa jina la kijana aliyenitangulia, kisha akaniuliza, "Na wewe utakuja mara ngapi?" Sikuwa na jibu. Watoto wale wamekwisha kuachwa mara nyingi, kwa hiyo anayefika kwa wiki tatu, akawabeba, akapiga picha na kutoweka, huwaongezea jeraha hata kama nia yake ilikuwa safi. Jumamosi mbili zinatosha, mradi ziwe zilezile na zidumu mwaka mzima. Tena, makao yakikupokea bila kukudai cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi, jiulize ni nani wengine wamepokewa hivyo hivyo.

Mama Ustawi
Naunga mkono, na ninaongeza jambo linalosahauliwa. Serikali ya Kenya ilisimamisha usajili wa makao mapya mwaka 2017, na mkakati wa 2022 hadi 2032 unalenga kuwarudisha watoto kwa jamaa zao au kuwapatia familia za kuwalea, kwa kuwa wengi walio makaoni wana mzazi au ndugu aliye hai, na kilichowatoa nyumbani mara nyingi ni umaskini. Kwa hiyo waulize wenye makao wanafanya nini ili mtoto arudi kwao. Shirika linalolipa karo huenda ndilo linalomzuia mtoto asifike makaoni kabisa, ingawa kazi yake haina picha ya kupendeza.

Binti wa Maskati
Mimi niko mbali, sina budi kutumia mtandao. Natafsiri hadithi za watoto kwa Kiswahili katika tovuti ya African Storybook, ambako hadithi hutolewa kwa leseni huria na mtu yeyote anaweza kutafsiri. Kila hadithi kwanza nampa mpwa wangu aisome kwa sauti, na pale anapokwama ndipo ninapobadilisha. Juzi alikwama kwenye "alijawa na furaha isiyo kifani", nikaandika "alifurahi sana", akapita bila kusita. Sijui ni nani atakayesoma, na hilo mwanzoni lilinisumbua kidogo.

Fundi Tarakimu
Dada, wewe umebahatika kupata kazi inayoonekana ikikamilika. Mimi nilitengeneza tovuti ya shirika moja, nikatuma barua pepe tatu kuomba picha na maelezo, na miezi miwili ikapita kimya, huku bando likitoka mfukoni mwangu. Kazi ya mtandaoni hufa bila mtu kutangaza msiba. Ndugu wa Likoni, ukiichagua, dai mtu mmoja wa kuwasiliana naye na tarehe ya kukabidhi kila mwezi. Majina ya watoto na shule zao yasikae kwenye simu yako wala kupitishwa katika kundi la WhatsApp, maana Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019.

Mkaazi wa Likoni
Nimewasikia, na Jumatano nilipita ofisini kwa lile shirika. Stakabadhi za mwaka mzima zimo ndani ya kopo la biskuti, nyingine wino umefifia hata kiasi hakisomeki, na mfadhili anataka hesabu kabla ya kutoa karo ya muhula ujao. Nitaanza hapo. Makaoni nimewaambia wasinitarajie hadi Januari, nitakapoweza kuahidi mwaka mzima, na cheti cha tabia njema nimekwisha kukiomba. Alama za vidole nitatoa Jumatatu. Mwalimu, yule mtoto ulimjibu nini hatimaye?

Mwalimu Mstaafu
Nilimwambia, "Jumamosi." Akahesabu siku kwa vidole.