Naombeni ushauri: darasa la mapishi Vietnam, nichukue la nusu siku au la siku nzima?

Kisamvu Kibichi (mleta uzi)
Wakuu, habari za jioni. Kazini wananituma Ho Chi Minh City, zile safari za korosho, siku tano. Nimeomba siku tatu za ziada, bosi kakubali. Nitapanda ndege ya ndani mpaka Da Nang, halafu gari mpaka Hoi An, nimeambiwa ni kilomita kama 30. Nataka kujifunza chakula chao kwa mikono yangu, siyo kwa video.

Sasa madarasa ni mengi mpaka nimechanganyikiwa. Kuna la nusu siku dola 35: mnatembezwa sokoni, mnapanda kile kimtumbwi cha duara, mnapika vyakula vinne, mnakula, kwaheri. La siku nzima ni dola 60 na kitu. Lipi linatosha? Na cheti wanachotoa mwishoni kina uzito gani? Wakuu nisaidieni, usiku wa tatu huu silali.

Chumvi Nyingi
Mtu anakosa usingizi kwa ajili ya kupika? Wenzako tunakosa kwa ada za Januari. Nimeweka mkeka hapa, nasubiri wajuzi.

Mama Swaum
Mwanangu, wewe ni dini gani? Nauliza kwa sababu wale nguruwe kwao ni kama sisi na dagaa. Hizo sambusa zao za kuviringisha zina nguruwe, chapati yao ya manjano ina nguruwe na kamba humo humo. Niko Muscat, tajiri wangu alikwenda na familia, wakatoa taarifa siku moja kabla, wakawekewa kuku. Sema mapema. Usifike jikoni ukaanza kufunua masufuria ya watu.

Kisamvu Kibichi
Ahsante mama. Mimi nakula vyote. Swali langu ni nusu siku au siku nzima.

Bwana Stempu
Viza umeomba? Siku hizi ni ya mtandaoni, dola 25 kuingia mara moja, 50 kuingia mara nyingi, na tangu Agosti 2023 inafika siku 90. Jina liandike kama lilivyo kwenye pasi, herufi kwa herufi. Mimi niliruka jina la babu, nikalala uwanja wa ndege nikilinda begi langu kama kuku wa mayai. Ilikuwa hivi, nilikuwa natoka Guangzhou...

(Mengine nitamalizia kesho, simu inazima.)

Upawa
Mkuu, mimi nimelifanya la Hoi An, 2023, la nusu siku. Ngoja nikueleze.

Saa 2 asubuhi mwalimu alitukuta sokoni, mama mfupi mwenye ile kofia ya pembe, akampa kila mtu kikapu. Usidanganyike, hununui kitu, vyakula vimeshanunuliwa alfajiri. Ni kuonyeshwa. Anavunja jani anakupa unuse, ubahatishe. Nanaa niliijua. Kotmiri niliijua. Mchaichai ndiyo usiseme, kwetu Muheza tunachemshia chai. Halafu akanipa jani moja lenye umbo la moyo, nikaliweka mdomoni kwa kujiamini. Lina ladha ya samaki mbichi! Nikalitema kiganjani, Wajerumani wawili wakacheka mpaka wakashikana.

Mtumbwi ni kama ungo mkubwa wa mianzi. Unapitishwa kwenye minazi ya majini pale Cam Thanh, mzee wa kasia akauzungusha mpaka nikasikia uji wa asubuhi unaomba kurudi. Ukiwa na tumbo jepesi ruka hiyo sehemu.

Sasa jikoni. Chakula nilichotoka nacho kweli ni banh xeo, ile chapati ya manjano ya Mama Swaum. Unga wa mchele, manjano, tui la nazi na maji, uwe mwepesi kuliko wa chapati za maji. Kikaango kipate moto hasa. Ukimwaga kinalia "seeeo", na jina lake limetokana na mlio huo. Mimi nilimwaga upawa mzima, ikatoka nene kama kitumbua kilichokanyagwa na gari. Mwalimu hakusema neno. Alinitoa upawa mkononi, akachota nusu, akanirudishia, akanishika kifundo cha mkono akakizungusha yeye. Pembeni ikakauka ikawa kama karatasi. Unaweka choroko zilizochipua, unakunja, unavunja kipande, unakifunga na majani kwenye karatasi ya mchele, unachovya kwenye nuoc mam iliyochanganywa na ndimu, sukari, maji, kitunguu saumu na pilipili. Nuoc mam ni maji ya dagaa waliolala kwenye chumvi karibu mwaka. Ukiinusa kwenye chupa utataka kupiga simu polisi. Ukiionja kwenye kibakuli utaomba tena.

Lakini sikia na hili. Supu ya pho tuliikuta inachemka tayari. Mifupa ya ng'ombe huwekwa jikoni usiku, tangawizi na vitunguu huchomwa kwanza mpaka viungue nje, ndani kuna mdalasini, karafuu na kile kiungo chenye umbo la nyota. Sisi tulimimina tu juu ya tambi za mchele tukapiga picha. Karoti yangu niliyokata ilikuwa moja. Zilizobaki zilikuwa zimeshakatwa na dada mmoja nyuma ya pazia ambaye hakuna aliyemwuliza jina.

Kwa mtalii nusu siku inatosha na chenji inabaki. Kama una lengo jingine sema.

Chumvi Nyingi
Kitumbua kilichokanyagwa na gari 😂😂 dada Upawa njoo uanzishe uzi wako.

Swali la Pili
Mimi nimekwama kwenye cheti. Mtu anayekwenda kutalii haulizi uzito wa cheti. Mtoa mada, cheti cha nini?

Kisamvu Kibichi
Kumbukumbu tu mkuu. Nikiweke ukutani.

Swali la Pili
Ukuta gani?

Kisamvu Kibichi
Mnapenda kuchimba nyie. Haya. Nina fremu Sinza. Nimelipia miezi sita, laki nane kwa mwezi. Nataka kufungua mgahawa wa Kivietinamu, Dar hii haina ushindani huko. Nimefanya utafiti. Watu wamechoka na chipsi kuku.

Bwana Stempu
Milioni nne na laki nane imeshatoka kabla hujajua kukunja sambusa?

Kisamvu Kibichi
Fremu nzuri haisubiri mkuu. Kuna jamaa wa simu alikuwa anaizungukia. Na mimi siyo mgeni jikoni, nimepika miaka miwili kambi ya ujenzi wa barabara, watu 60 kwa siku, hakuna aliyelalamika.

Chumvi Nyingi
Wangelalamikia wapi, porini?

Mama Swaum
Pesa ya fremu ilitoka wapi mwanangu? Nauliza kwa wema.

Kisamvu Kibichi
Akiba.

Mama Swaum
Akiba ya nani?

Kisamvu Kibichi
Mkopo wa kikoba cha mke wangu. Lakini tulikubaliana kwamba pesa ifanye biashara. Yeye alisema vitenge, mimi nikaona chakula kinazunguka haraka. Biashara ni biashara. Nitamwambia nikirudi na cheti, ataelewa akishaona kitu cha kushika mkononi. Naombeni tusitoke kwenye mada.

Mwalimu Mstaafu
Vijana wa leo. Kikoba ni amana ya wanawake ishirini na tano, kila mmoja ana mtoto, ana kodi, ana mgonjwa. Wakija kwako hawaji na barua, wanakuja na kanga zimefungwa kiunoni na watabeba mpaka godoro. Mwaka 1998 mdogo wangu alichukua pesa ya mchezo akanunua mashine ya kusaga, kijiji hakina umeme. Ile mashine tuliigeuza banda la kuku. Mrudishie mkeo pesa yake, hayo ya Vietnam yatakuja.

Mchungu wa Ndizi
Mbona mnamkatisha tamaa? Aliyeleta chipsi mayai naye alichekwa. Kaka piga kazi. Korosho zetu zinakwenda kubanguliwa kwao, laini za Halotel ni za kwao, acha na sisi tuchukue angalau supu.

Upawa
Mkuu mgahawa utauitaje?

Kisamvu Kibichi
Jiko la Hanoi. Kibao kimeshaandikwa.

Upawa
Unakwenda Hoi An.

Kisamvu Kibichi
Ndiyo.

Upawa
Hanoi ni kaskazini. Hoi An ni katikati ya nchi, siku hizi iko chini ya jiji la Da Nang. Kati yake na Hanoi ni zaidi ya kilomita 700. Ni kama ukajifunze urojo Zanzibar halafu ufungue Jiko la Mwanza. Hoi An wana cao lau yao, tambi nene za rangi ya udongo, wana wali wa kuku wao wa manjano. Bun cha ya Hanoi, nyama ya kuchoma kwenye mkaa, kule huendi kuikuta kwa mwenyewe.

Kisamvu Kibichi
Mteja wa Sinza hajui Hoi An ni nini dada yangu. Hanoi amewahi kuisikia kwenye habari. Jina ni la biashara tu.

Swali la Pili
Kuna kingine unaficha. Mtu halali siku tatu kwa sababu ya kibao?

Kisamvu Kibichi
Kuna ofisi moja pale Mwenge imeagiza chakula cha mchana cha watu 40, tarehe 5 Desemba. Wametanguliza nusu. Wanataka pho. Ndiyo maana nauliza kama siku nzima inatosha.

Chumvi Nyingi
🤣🤣🤣 Nimeamka kitandani nimekaa.

Mtu wa Kusini
Naomba nivunje harusi kidogo. Mimi niko Mtwara, korosho ndiyo kazi yangu. Mtoa mada, unasafiri lini?

Kisamvu Kibichi
Novemba, wiki ya pili.

Mtu wa Kusini
Basi wakuu, hii ni chai, leteni vikombe. Minada inafunguliwa Oktoba. Novemba ndiyo patashika yenyewe, maghala yamejaa, malori yamepanga foleni, sisi hata misiba tunatuma rambirambi kwa simu. Bosi gani wa korosho anamwachia mtu siku tatu akakae kwenye ungo majini? Tena mwezi huo Hoi An ni mafuriko, Oktoba 2025 mto ulipanda mpaka mji mkongwe ukawa wa boti. Huyu ama ni dalali wa hayo madarasa, ama anatunga.

Bwana Stempu
Nilishaanza kuhisi. Bei za dola anazitaja kama tangazo.

Mchungu wa Ndizi
Kumbe. Na mimi nimemtetea bure.

Chumvi Nyingi
Iwe chai isiwe chai, imekolea tangawizi. Endelea mtoa mada.

Upawa
Kwa taarifa yenu, kwa Kivietinamu "chay" ni chakula kisicho na nyama, wengi wanakila tarehe mosi na kumi na tano za mwezi wao wa kuandama. Kwa hiyo uzi huu unaweza kuwa chay kwa lugha zote mbili.

Kisamvu Kibichi
Mnanivunjia heshima. Sijasema mimi ni wa mnada. Niko upande wa sampuli, mnunuzi wa kule amelalamikia unyevu kwenye mzigo, napeleka magunia madogo tukapime pamoja. Ni kwa sababu ya patashika ndiyo natumwa mimi mdogo, wakubwa hawatoki. Na kibao hiki hapa, nimekipiga picha leo jioni.

[picha]

Swali la Pili
Nimekuza picha. Wakuu mnaona ninachoona?

Chumvi Nyingi
JIKO LA HANOYI 😭😭

Mwalimu Mstaafu
Fundi ameongeza Y. Na bakuli alilochora lina ugali.

Kisamvu Kibichi
Ule siyo ugali, ni tambi. Ile Y atanifutia, nimeshaongea naye.

Mtu wa Kusini
Haya, kwa Y hiyo nakuamini. Mtu anayetunga hawezi kujitia aibu kiasi hicho. Samahani mkuu. Lakini la mafuriko ni kweli, angalia hali ya hewa kabla ya kununua tiketi ya Da Nang.

Upawa
Basi nisikilize kama ni kweli. Achana na nusu siku na siku nzima. Madarasa yale ni ya watalii, yote mawili. Hizo siku tatu baki hapo hapo Ho Chi Minh City, nauli ya ndege ya ndani iokoe. Tafuta kibanda cha pho chenye mama na mwanawe, mlipe hizo dola 60 akuruhusu usimame pembeni kuanzia usiku anapotia mifupa mpaka asubuhi anapouza. Cheti hatakupa. Na wale watu wa Mwenge waambie leo, siyo tarehe 4, kwamba watakula wali wa kuku na sambusa za karatasi ya mchele.

Mama Swaum
Na mkeo mwambie leo leo. Kabla ya Mwenge.

Kisamvu Kibichi
Nimewasoma wote, ahsanteni sana. Ila niwe mkweli, la nusu siku nilishalilipia Jumapili na hawarudishi pesa. Kwa hiyo Hoi An nakwenda. Nilitaka tu kujua kama nimekosea sana.

Swali la mwisho: nuoc mam nikinunua lita tano, inapita uwanja wa ndege?

Bwana Stempu
Nimerudi, simu imepata chaji. Mkononi haipiti, ni maji. Kwenye begi la chini kuna mashirika yanaikataa kabisa kwa sababu ya harufu, uliza kwanza. Mimi wangu walinikatalia, lakini jirani yangu wa foleni yake ilipita, ikapasukia kwenye suti ya harusi. Ilikuwa hivi...